Gari Lililosimama Jiweni

Mtu mmoja alikuwa na mlima kati ya nyumba yake na kila alichokihitaji. Chumvi ilikuwa chini ya mlima. Mafuta ya taa, unga wa mahindi, sabuni na dawa vilikuwa chini ya mlima. Juu, alikoishi, viazi vilistawi na baridi haikuondoka mwaka mzima. Siku za gulio watu wa kijiji chake walishuka asubuhi na viazi, wakapanda alasiri na mahitaji yao. Barabara ilikuwa ya udongo, yenye kona nyingi, na sehemu yake ya mwisho ilikuwa kali kuliko zote.

Mtu huyo aliitwa Yoramu, na mke wake aliitwa Atupele. Walikwenda gulioni na kurudi kwa desturi ya huko: wanaume mbele, mikono nyuma, wakizungumzia bei ya mbao, wanawake nyuma, vikapu kichwani. Yoramu alifika juu mapema, akaketi kwenye ukuta mfupi wa kanisa kumngoja mkewe. Atupele alipotokea, aliulizwa sababu ya kuchelewa, na jibu lake halikubadilika.

"Nilikaa kidogo pale jiweni."

Jiwe lenyewe ni bapa, liko ukingoni mwa barabara, pale mwinuko mkali unapoanza. Yoramu alilipita tangu utoto wake bila kulikalia hata mara moja. Kwa kuwa mkewe alilikalia kila gulio, aliamini kwamba kifua cha mkewe hakikuwa na nguvu, akamhurumia. Jioni moja alimpokea kikapu akakiona kizito kupita kiasi, akamwambia, "Mama, unanunua vingi mno kwa kifua hicho." Atupele akacheka. "Kesho kitakuwa chepesi," akasema. Na kweli, asubuhi yake kikapu kilikuwa chepesi. Yoramu hakuuliza unga umekwenda wapi. Alikuwa mwema, na alimpenda mkewe, ila hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Mwaka waliooana walipanda misonobari kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Yoramu alichimba mashimo, Atupele akasimamisha miche. Miti hiyo hupandwa na kijana na kuvunwa na mtu mzima, na wanaoipanda huwa na muda wa kutosha kupanga watakachofanya nayo. Yoramu alipanga gari. "Siku tukivuna," alimwambia, "utapanda mlima umekaa kitini, na pale jiweni utapita bila kusimama. Nakuahidi." Atupele hakujibu neno. Aliukanyagia udongo mche uliokuwa mbele yake, akasogea kwenye shimo lililofuata.

Miti ilikomaa. Atupele hakuiona ikiangushwa. Homa ilimchukua msimu wa mvua, upesi, majirani wakiwa bado wanaulizana anaumwa nini. Walipomaliza kumzika, watu walimwambia Yoramu kwamba atazoea. Hakubishana nao. Aliamka, alipalilia, alikula kilicholetwa, alishukuru. Lakini ahadi ilibaki ndani yake kama mgeni asiyeaga, na wavunaji wa mbao walipokuja kutazama shamba, alikuwa ameshajua atanunua nini.

Mjini, chini ya mlima, palikuwa na fundi aitwaye Chaula, na katika karakana yake palikuwa na gari kuukuu la safari za porini, lenye bodi ya bati, taa mbili za mviringo na turubai nyuma. Mwenye gari hilo alikuwa mkandarasi aliyezeeka na kuacha kazi. Yoramu alilizunguka gari lile kimya. Akafungua mlango wa kushoto, upande wa abiria, akakibonyeza kiti kwa kiganja. Kilikuwa laini bado.

Fundi Chaula hakumficha kitu. Alimwonyesha jinsi ya kugeuza ufunguo nusu na kusubiri taa ndogo izime kabla ya kuwasha, kwa sababu dizeli ile haikutaka kushtuliwa. Alimwonyesha gia nzito, ile ya milimani. Kisha akaufunika mdomo wa rejeta kwa kitambaa na kusema, "Mzee, nisikilize. Injini hii haifi, ila nguvu yake ni ndogo kuliko gari lenyewe. Ukiwa na mzigo itapanda kama mtu anayetembea. Ukijaza watu itakukatalia. Na mahali pakali maji yatachemka; simama yapoe, usibishane nayo."

Yoramu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa bado anakitazama kiti cha kushoto. Alilinunua siku ileile, na kabla ya kuondoka alitoa begani kitenge cha Atupele, cha kijani chenye maua meupe, akakitandika kitini, pembe kwa pembe, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa.

Siku ya kwanza aliyopanda nalo ilikuwa siku ya gulio, na kijiji kizima kilikuwa barabarani. Gari lilinguruma sana na kwenda kidogo. Moshi mweusi ulilitangulia kwenye kila kona upepo ulipokuwa nyuma. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni alilifikia, akatembea sambamba na dirisha, akaligeuzia uso wa heshima kubwa.

"Shikamoo, dereva! Nitangulie nikawaambie nyumbani kwamba unakuja?"

Elikana, aliyekuwa na pikipiki, alipita, akarudi, akapita tena kwa raha zake. "Mzee Yoramu, lizime tu tukusukume! Utawahi kufika!"

Watu walicheka, na kicheko chao hakikuwa na ubaya. Yoramu hakucheka wala hakukasirika. Macho yake yalikuwa kwenye sindano ya joto. Sindano ilipanda kadiri barabara ilivyopanda, na alipokaribia jiwe bapa ilifika kwenye wekundu, mvuke ukatoka chini ya boneti. Akasimama. Alisimama palepale, jiweni, mkono kwenye usukani, kitenge pembeni yake. Alikuwa ameahidi jambo moja tu.

Wanawake walifika mmoja mmoja kutoka chini, wakapumua. Mbele yao alikuwa Mama Tumsifu, jirani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Alilitazama gari, akamtazama mwenye gari.

"Shemeji," alisema, "kwa kuwa umeshasimama, tuwekee hivi."

Hakungoja jibu. Kikapu chake kiliingia nyuma, chini ya turubai, na vya wengine vikafuata. Mtu hakuingia, maana wote walikuwa wamesikia jinsi injini ile ilivyolia. Maji yalipopoa Yoramu akawasha, akaingiza gia nzito, na gari likapanda ule mwinuko wa mwisho likiwa limebeba mizigo, na wanawake wakatembea nyuma yake mikono mitupu, wakiongea. Walifika kanisani pamoja. Kila mmoja akachukua chake, akashukuru, akaenda.

Ikawa ndiyo desturi. Kila gulio maji yalichemka palepale, gari likasimama palepale, na vikapu vikaingia. Wakati mwingine bibi mmoja mwenye mguu mbovu, Bibi Sekela, alichungulia dirisha la kushoto, akaona kitenge, akarudi nyuma bila kusema. Watu walianza kupanga safari zao kwa kulisikiliza gari. Waliosikia likinguruma chini waliharakisha ili wawe jiweni litakapofika. Lakini Yoramu hakuyaona hayo kama wengine walivyoyaona. Kwake kila kusimama kulikuwa kushindwa kwingine. Aliposhusha vikapu pale kanisani na watu wakamshukuru, alijisikia kama mtu anayepewa pole. Usiku alikokotoa upya ahadi yake, na kila alipofika kwenye jiwe, ilimkwama.

Basi akauza misonobari michache iliyosalia, akashuka tena kwa fundi Chaula. Palikuwa na injini kubwa, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka likiwa bado jipya. Fundi aliuliza mara moja tu kama ana hakika. Kisha akaing'oa ile dhaifu, akaifunika kwa gunia nyuma ya karakana, akaifunga yenye nguvu. Ilipowashwa haikuhitaji kusubiriwa. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, na Yoramu aliisikia mpaka kwenye mbavu.

Alichagua siku ya gulio kwa sababu siku ya gulio ndiyo ambayo Atupele alikuwa akisafiri. Hakupakia kitu, asije akajilaumu. Alinyoosha kitenge kitini, akaanza kupanda.

Gari lilikwenda kama lililosahau kwamba kuna mlima. Kona moja ilifuata nyingine, na sindano ya joto ililala chini kama imesinzia. Alipokaribia jiwe aliwaona wanawake. Walikuwa wamemtangulia, walikuwa wameharakisha, na vikapu vyao vilikuwa vimepangwa ukingoni mwa barabara, tayari. Walimwona, wakainua mikono. Yoramu akadhani wanampongeza. Moyo wake ulijaa. Akapiga honi, akakanyaga mafuta, akapita. Kwenye kioo aliona vumbi, na ndani ya vumbi mikono iliyokuwa bado juu.

Alifika nyumbani jua likiwa kali. Alizima gari uani, akabaki ndani yake. Kulikuwa na ukimya mwingi kuliko aliokuwa ametazamia.

"Tumepita," alisema.

Kiti cha kushoto hakikujibu. Kitenge kilikuwa kimeteleza kidogo kwa mwendo, akakirudisha mahali pake. Alikaa hivyo akisubiri kitu ambacho alikuwa amehakikishiwa na nafsi yake kwamba kitakuja: utulivu, au machozi, au walau hisia kwamba mzigo fulani umeshuka. Hakikuja. Mawingu yakaja badala yake, yakafunika ukingo wa mlima, na mvua ikanyesha alasiri yote.

Jua likielekea kuzama, Mama Tumsifu aliingia uani. Maji yalikuwa yakimchuruzika. Alishusha kikapu chake kibarazani, alikokuwa ameketi Yoramu, akatoa mfuko wa chumvi, akauinua mbele ya Yoramu. Ulikuwa umesinyaa, unadondosha maji meupe. Hakumsalimu. Katika kijiji kile mtu hapiti kwa jirani bila kumsalimu hata kama wamegombana, na Yoramu akainuka kitini.

"Leo umetupita, shemeji."

"Sikujua mnanisubiri," alisema Yoramu. "Niliona mmeinua mikono."

"Mtu akiinua mikono barabarani anataka nini? Anakuimbia?" Aliurudisha mfuko kikapuni. "Bibi Sekela tumemwacha njiani kwa watu. Mguu umekataa. Ukungu ulishuka pale juu ya jiwe, na wewe unajua ukungu wa pale. Tumepanda tumeshikana nguo."

Yoramu alihisi kwamba anapaswa kueleza, na kwa kuwa alikuwa hajawahi kumweleza mtu, maneno yalitoka kidogokidogo. Alisema juu ya misonobari. Alisema juu ya ahadi. Alisema kwamba Atupele alikuwa akikaa pale kila gulio kwa sababu ya kifua, naye alimwahidi kwamba siku moja atapita bila kukaa, na kwamba leo, ingawa amechelewa, ameitimiza.

Mama Tumsifu alisikiliza mpaka mwisho. Hasira ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukitazama.

"Kifua?" alisema polepole. "Shemeji, Atupele alikuwa na kifua kuliko sisi sote. Hakuwa akikaa pale kwa kuchoka. Alikuwa akitungoja sisi."

Mama Tumsifu akamwambia yaliyobaki kwa maneno machache. Atupele alikuwa wa kwanza wa wanawake kufika jiweni, kila mara. Alikaa akawangoja waliokuwa nyuma: wenye mimba, wazee, anayenyonyesha. Walipofika alipunguza vikapu vyao, akaongeza kwenye chake, kisha wakaupanda mwinuko wote kwa pamoja, maana mahali pale si pa kupita mtu peke yake ukungu ukiwa umeshuka. Asubuhi yake alizunguka nyumba kwa nyumba akirudisha unga wa watu.

"Kwa nini hakuniambia?" Yoramu aliuliza.

"Wewe ulikuwa mbele," alisema Mama Tumsifu. Akajitwika kikapu chake na kwenda zake.

Yoramu alibaki kibarazani mpaka giza likaingia. Alikumbuka kikapu kizito na kikapu chepesi. Alikumbuka mche, na udongo uliokanyagiwa, na jibu ambalo hakupewa. Alikuwa ameishi na mwanamke huyo umri wa msonobari mzima, akamwonea huruma kwa udhaifu ambao hakuwa nao, na nguvu aliyokuwa nayo hakuiona, kwa kuwa ilikuwa nyuma yake.

Asubuhi alikwenda kwa Bibi Sekela akamwomba radhi. Kisha akashuka mlima hadi karakana. Fundi Chaula alimtazama akishuka garini, akaweka spana chini.

"Mara hii nguvu imekuchosha?"

"Ile injini ya kwanza. Umeshaiuza?"

"Injini ile?" Fundi alicheka. "Nani ataka kununua kitu kisicho na haraka?" Akaenda nyuma, akaivua gunia.

Gulio lililofuata lilikuwa siku ya baridi kubwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mlima tangu alfajiri, na upepo ulipuliza moja kwa moja kwenye rejeta. Yoramu aligeuza ufunguo nusu, akasubiri taa ndogo izime, akawasha. Gari likapanda kwa mwendo wake wa zamani. Elikana alilipita na pikipiki, akapunguza mwendo kusikiliza ule mngurumo, akapiga kelele, "Mzee, konokono amerudi!" Na safari hii Yoramu alicheka.

Alipokaribia jiwe aliiangalia sindano ya joto. Ilikuwa katikati. Kwa sababu ya baridi ile maji hayakuwa yamechemka, wala hayakuwa karibu kuchemka. Kwa mara ya kwanza tangu alinunue, gari dhaifu lingeweza kupita jiweni bila kusimama. Wanawake walikuwa hawajatokea. Barabara ilikuwa tupu mbele yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akasogeza gari ukingoni. Akavuta breki ya mkono. Akazima.

Alishuka, akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango. Akakiondoa kitenge kitini, akakikunja, akakiweka begani. Mlango akauacha wazi kwa ajili ya Bibi Sekela. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikaa juu ya jiwe.

Lilikuwa baridi, na katikati lilikuwa limelainika kwa kukaliwa. Kutoka pale kilele cha mlima hakikuonekana. Kanisa halikuonekana, wala ukuta mfupi alipokuwa akimngoja mkewe. Kilichoonekana ni barabara ya chini, yote, kona baada ya kona mpaka mjini, na kila aliyekuwa akiipanda. Alimwona Mama Tumsifu akipungukiwa pumzi kwenye kona ya tatu. Alimwona msichana mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Mbali nyuma ya wote alimwona Bibi Sekela na fimbo yake, mdogo kama sindano. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeonekana kwa mtu aliyekuwa mbele.

Walipofika hawakusema kitu juu ya kitenge wala mlango uliokuwa wazi. Mama Tumsifu alitupa kikapu chini ya turubai. Ndoo ya msichana mwenye mtoto ilikuwa imemchubua utosi, kwa kuwa alitoka nyumbani bila ngata. Yoramu alikivua kitenge begani, akakikunjakunja mviringo kama alivyokuwa akimwona mkewe akifanya, vibaya, na Mama Tumsifu akamnyang'anya akakikunja upya. "Shika," alimwambia msichana. "Cha gulio lijalo. Leo ndoo inapanda gari."

Bibi Sekela akafika wa mwisho. Alikaa kiti cha kushoto, akakibonyeza kwa kiganja, akakiona kizuri. Yoramu akawasha, akaingiza gia nzito, na gari likaingia ukunguni likiwa na mizigo ya watu na mtu mmoja asiyeweza kutembea, na wengine wakitembea ubavuni mwake, sauti zao zikisikika hata pale nyuso zao zilipokuwa hazionekani.

Basi ninyi mliotangulia kufika juu, mkawahurumia wapenzi wenu kwa kuchelewa: mnajua walikaa kumngoja nani?